Mtoto Aliyekosekana Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kuna maneno mawili yaliyonizeesha kabla ya wakati wangu: "Wataelewa tu." Nimeyasikia Louisville, nimeyasikia Columbus, nimeyasikia Buffalo, katika miji yetu hii ya Marekani, na kila mara yanatoka kwa mtu mzima mwenye akili zake, aliyetoka kuchapa kitu chenye makosa na hataki kukisoma tena. Ratiba ya mazishi ina picha ya ndugu aliye hai mahali pa picha ya marehemu: wataelewa tu. Tangazo la kwaya lina saa mbili tofauti za kuanza: wataelewa tu. Sijui ni nani aliyewaambia watu wetu kwamba msomaji ni mpiga ramli, kwamba kazi yake ni kukisia kilichokuwa moyoni mwa aliyeandika.

Mwaka juzi tulikuwa na harusi hapa Louisville. Mjomba wa bibi harusi alijitolea kutengeneza mwaliko, akachukua mwaliko wa zamani wa harusi nyingine iliyofanyika Columbus, akabadilisha majina, akabadilisha tarehe, akapeleka kuchapisha. Ukumbi hakuubadilisha. Familia nne kutoka Buffalo ziliendesha gari kwa saa tano, akina mama wamefunga vilemba vilivyonyooshwa kwa pasi, wakafika Columbus, kwenye ukumbi wa mtaa wa Linden, na kuwakuta Wameksiko wakimsherehekea binti yao aliyetimiza miaka kumi na mitano. Wale Wameksiko, Mungu awabariki, waliwapa viti na wali. Wakati huo bwana harusi alikuwa anavishwa pete mwendo wa saa tatu na nusu kutoka pale. Nilipomuuliza yule mjomba ilikuwaje, alinijibu kwa utulivu kwamba tarehe ilikuwa sahihi.

Si kwamba sina kazi nyingine ya kufanya. Ninayo, tena ya kusimama. Nafanya kazi ghalani, kwenye meza ya ukaguzi: boksi linakuja, nalifungua, nalinganisha vilivyomo na karatasi ya oda, nalifunga, nalisukuma mbele. Oda ikisema viatu vyeusi namba nane na ndani mna namba tisa, boksi linarudi lilikotoka na mtu anaitwa kujieleza. Hakuna msimamizi aliyewahi kuniambia niliachie tu, eti mteja ataelewa. Kwa hiyo kila siku ya kazi naona viatu vya watu nisiowajua vikipewa heshima ambayo watu wetu hawapewi kwenye vitabu vyao wenyewe, na hilo linaniudhi kuliko baridi ya Januari.

Kabla ya ghala nilikuwa msomaji prufu. Ilikuwa Uvira, kule Kongo, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha kanisa chenye mashine mbili, moja ikiwa mgonjwa daima. Tulichapa vitabu vya nyimbo, mafundisho ya ubatizo, kalenda. Prufu ni ile nakala ya majaribio inayotolewa kabla kitabu chenyewe hakijachapwa, na mkuu wetu, mzee mfupi aliyevaa sweta katika joto lote lile, alikuwa na sheria moja juu yake: prufu haisomwi na mtu mmoja. Mmoja anashika mswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwenye prufu, rula chini ya mstari. Anayesoma peke yake, alisema, husoma anachokitarajia. Tulimwona msumbufu. Siku moja alitusomesha kalenda nzima kwa njia hiyo, tarehe kwa tarehe, mpaka tukaanza kusinzia wima, na mwezi wa tisa tukakuta una siku thelathini na moja.

Ndiyo maana watu huniita Mwalimu, ingawa sijawahi kusimama mbele ya darasa hata siku moja. Ni jina la kunicheka. Wakinipa tangazo la kanisa wanaongeza, "Mwalimu, usitoe damu," maana kalamu yangu ni nyekundu. Wacha wacheke. Nami huwacheka wakifika kwenye ukumbi usio wao.

Basi watu wa kule kwetu, wa bonde moja la Kivu ya Kusini waliotawanyika katika miji hii mitatu, waliamua kutengeneza kitabu. Kila familia ukurasa wake: walitoka wapi, wazazi ni nani, watoto ni nani, nani alifia wapi, nani yuko hai na yuko wapi. Sababu ilikuwa nzuri, hata mimi sikuwa na la kukosoa. Watoto wetu ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, na ukimuuliza mmoja babu yake aliitwa nani, anakuambia atamuuliza mama. Wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua. Tulitaka majina yakae mahali.

Kamati iliwekwa Columbus, na mwenyekiti wake alikuwa mtu ninayemheshimu, ingawa mtakaponisikia mtadhani vingine. Nyumbani alikuwa mkuu wa shule ya msingi. Hapa anaendesha forklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo ghalani, na tangu ahame Linden kwenda Westerville, nje ya mji, anazungumzia majani ya mbele ya nyumba yake kama mtu aliyepewa shamba la urithi. Ni mwaminifu, hachoki, hakopi kazi ya mtu. Ila ana haraka. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, anakujibu kwamba pole pole yenyewe imeshatupotezea wazee watatu. Na hapo anakuwa amekushinda.

Mimi nilipewa kuandika kurasa za wazee wasiojua kuandika. Mmoja wao alikuwa mama mmoja wa Buffalo, mjane, ambaye karatasi zake zinasema alizaliwa tarehe mosi Januari kama sisi wengine wote ambao makarani hawakuwa na muda wa kutuuliza vizuri. Miguu yake imekataa ngazi na simu yake anaijua kitufe kimoja tu, kile cha kurekodi sauti. Alinitumia jumbe kumi na moja. Nilizisikiliza nikipika, nikifua, nikisubiri basi la kazini, na nyingine ilibidi nizime kwanza nikae.

Alizaa watoto saba. Alinitajia wote, lakini jumbe nne kati ya zile kumi na moja zilikuwa za mzaliwa wa kwanza. Alikuwa fundi cherehani. Walipokimbia vita, ni yeye aliyewavusha wadogo zake mto, mmoja mmoja, maji yakiwa yamemfika kifuani, na aliporudi mara ya mwisho alimchukua mama yake mgongoni. Mke wake alikuwa amefariki akijifungua, akamwachia binti, ambaye siku ya mto alikuwa na miezi michache. Wiki mbili baada ya mto, naye akashikwa na homa akafa njiani. Walimzika kando ya barabara, wakaendelea kutembea. Hana picha. Hakuwahi kuwa na kitambulisho. Hata pale alipozikwa hawawezi kupaonyesha. Yule mama alimaliza ujumbe wa nne kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenituma sokoni: "Mwalimu, huyu umuweke. Hana fasi ingine ya kukaa."

Kulikuwa na jambo lingine, na alinieleza nalo. Walipofika kwenye kambi ya wakimbizi, karani aliyewaandikisha aliona mama na watoto sita na kitoto mgongoni, akaandika watoto saba. Kile kitoto, mjukuu, kikawa binti yake. Mtu aliyejua kusoma aliliona kosa hilo baada ya miezi, na yule mama akarudi kuomba lirekebishwe. Akaambiwa anaweza, lakini faili litarudi mwanzo na familia nzima itangoja upya. Akaacha. Tangu siku ile, katika kila karatasi ya dunia hii, ana watoto saba, wa mwisho akiwa mjukuu wake, na fundi cherehani hakuzaliwa. Kosa la dakika moja la mtu ambaye hakusoma alichoandika.

Niliandika ukurasa ule kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Nilimweka mzaliwa wa kwanza juu, jina lake kamili na la baba yake, kisha wadogo zake sita, kisha binti aliyemwacha. Niliupeleka Columbus na nikajiona nimefanya kitu chema mwaka ule.

Mwenyekiti, kwa nia njema, na nia njema ndiyo inayotumaliza, aliamua kwamba kitabu lazima kihakikishwe. Akatengeneza fomu. Akapiga simu kwa kila familia, ukurasa mmoja mmoja, akajaza: baba, mama, idadi ya watoto, majina, tarehe za kuzaliwa. Penye tofauti kati ya fomu na tulichoandika sisi, alifuata fomu, maana fomu ilitoka kwa mwenyewe. Kisha akafupisha kila familia iingie ukurasa mmoja. Hakuniambia. Baadaye aliniuliza kwa nini angeniambia, wakati alikuwa ananipunguzia kazi.

Prufu ilinifikia kwenye simu, kurasa mia moja na kumi na mbili. Niliomba wiki mbili na mtu wa kusoma naye. Nilipewa siku tatu, kwa sababu ukumbi wa uzinduzi ulikuwa umeshakodiwa, na mtu wa kusoma naye hakupatikana. Binti yangu alijaribu nusu saa, akanisomea Kiswahili kama anayesoma majina ya dawa, tukaachana kwa amani. Nikasoma peke yangu. Nilisoma katika mapumziko ya dakika kumi na tano, nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa nyuma ya meza ya ukaguzi, nikikuza herufi kwa vidole viwili.

Nisingeweza kujisifu leo, lakini siku ile nilijisifu. Nilikuta picha ya kanisa imegeuzwa, mlango upande usio wake. Nilikuta mchungaji mmoja ameoa mwaka mmoja kabla hajazaliwa. Nilikuta familia mbili zenye ukurasa mmoja wa historia, neno kwa neno, mtu amenakili akasahau kufuta. Nilikuta neno "marehemu" mbele ya jina la mzee ambaye Jumapili iliyotangulia alikuwa amenipa lifti. Masahihisho sitini na matatu, nimeyapanga kwa ukurasa na mstari. Ukurasa wa arobaini na moja, ule wa mama wa Buffalo, nilikuta orodha ya watoto imekosa koma baada ya jina la tano. Niliiweka. Mwenyekiti alinitumia dole gumba na "Merci, Mwalimu."

Uzinduzi ulifanyika Columbus na ulikuwa mzuri, siwezi kukana. Kulikuwa na fufu ya muhogo, sombe ya majani yake na samaki, na hotuba zote zilikuwa ndefu. Watu waliinua kitabu juu wakapiga picha nacho. Wazee wasiojua kusoma walikipapasa jalada. Mtu mmoja alinishukuru kwa ajili ya koma, akanicheka, nami nikacheka naye. Nakala za Buffalo zilipelekwa na kijana wa kwaya aliyekuwa anarudi kule, pamoja na ya yule mama, ambaye hakuweza kusafiri.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, simu ililia. Alikuwa yule mjukuu. Sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, anawahudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo, na anamwita bibi yake Mama, kwa sababu ndiye aliyemlea na kwa sababu karatasi zinasema hivyo. Alisema Mama amemwomba amsomee. Nikasikia televisheni nyuma yake.

"Tantine, nimesoma peji yetu mara tatu," akasema, kwa neno letu la kumwita shangazi. "Papa yangu hayuko. Miye njo baliniweka pa nafasi yake."

Nilimwambia haiwezekani. Nilisema hivyo kabla hata sijafungua kitabu, kwa uhakika wa mtu aliyeweka masahihisho sitini na matatu. Kisha nikafungua. Watoto saba. Sita wa kwanza walikuwa wadogo za fundi cherehani, wa saba alikuwa binti yake. Baada ya jina la tano, koma yangu, imekaa vizuri.

Nilimpigia mwenyekiti nikiwa bado nimesimama. Sikumsalimia, na kwetu kutomsalimia mtu wa umri wake ni kumtukana. Nilimwambia amemzika mtoto wa mwenzake mara ya pili. Akajitetea, na alijitetea kama mtu mwenye haki.

"Bon, Mwalimu, miye sikutunga," alisema. "Nilimupigia yeye mwenyewe. Nilimuuliza watoto ni wangapi, akasema saba. Nikamuuliza, hakuna mwengine? Akasema hakuna. Nilikuwa nifanye nini?"

Sikumwamini. Nilidhani alizungumza na mtu mwingine nyumbani mle, au alijaza fomu kutoka kwenye karatasi za familia kisha akaona aibu kusema. Akapendekeza tuchape kikaratasi cha masahihisho na kukibandika ndani ya kila nakala. Hapo nikapandwa na hasira zaidi. Kikaratasi huanguka. Gundi hukauka, mtoto hukitumia kuweka alama kwenye kitabu cha shule, na mtu ambaye hana mahali pengine popote duniani anafagiliwa pamoja na makombo. Tulibishana juu ya kikaratasi kile siku nne. Mwishowe alikubali chapa ya pili, na chapa ya pili ilitoka miezi mitano baadaye. Hiyo ndiyo mnayoiona mezani mwa watu leo. Ile ya kwanza tuliwaomba waturudishie, na nusu hawakurudisha, kwa sababu picha zao zimetoka vizuri.

Lakini katika siku zile nne, kila nilipokata simu, nilibaki na jambo ambalo sikumwambia. Mswada wangu wa ukurasa ule ulikuwa kwenye simu ileile niliyosomea prufu. Jumbe za sauti za yule mama zilikuwa kwenye simu ileile. Ningevuta kidole mara mbili ningelinganisha. Ghalani silifungi boksi bila kutazama karatasi ya oda, hata kama ndani mna soksi. Ukurasa ule niliufunga bila kutazama. Niliona idadi ni saba, na kwenye mswada wangu ilikuwa saba. Niliona habari ya mto, "mtoto wake mkubwa aliwavusha wadogo zake," maana mwenyekiti alipofupisha aliiacha sentensi ile bila jina, na macho yangu yakamwona fundi cherehani pale kwa sababu mimi nilikuwa namjua. Jina halikuwapo, nikaelewa tu. Nimewacheka watu miaka yote hii, na niliposoma ukurasa mmoja uliobeba mtu mzima, nilitafuta koma.

Nilijichukia, na sioni haja ya kulipamba. Nilikuwa mkali kwa mwenyekiti kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuwa mkali kwangu.

Kabla chapa ya pili haijaanza, tukaamua kwenda kumwomba msamaha mama yule ana kwa ana, maana kwetu jambo kama hilo halisemwi kwenye simu. Nilichukua basi mpaka Columbus, mwenyekiti akanipokea kituoni, tukaondoka asubuhi kwa gari lake. Kiti cha nyuma kilikuwa na gunia la unga wa muhogo, boksi la nakala za chapa ya kwanza, na bahasha aliyokuwa anaigusa kila tuliposimama. Ndani yake mlikuwa na ile fomu, kwa mwandiko wake wa mkuu wa shule. Alikuwa anaipeleka kama ushahidi. Nilimwambia hatuendi mahakamani. Alisema anajua, lakini hakuiacha. Mpaka Cleveland tulizungumza habari za matairi. Baada ya Cleveland, ziwa likiwa kushoto kwetu na theluji ikianza kupita mlalo barabarani, hatukuzungumza.

Yule mama anakaa ghorofa ya chini ya nyumba ya mbao, upande wa magharibi wa Buffalo, madirisha yamewambwa plastiki kuzuia upepo. Mjukuu alitufungulia akiwa bado amevaa sare ya kazi. Tulivua viatu, tukasalimia, tukauliza habari za miguu, habari za moto wa kupashia nyumba, habari za kanisa. Tulikunywa chai ya maziwa. Kitabu kilikuwa kwenye meza ndogo kando yake, na ndani yake alikuwa ameweka kipande cha kitambaa kuonyesha ukurasa, yeye asiyejua kusoma.

Nilianza mimi. Nilimwambia kwamba alinipa mtu nimtunze, nami nimempoteza, na kwamba kosa ni langu, kwa kuwa nilikuwa na sauti yake mkononi na sikuisikiliza tena. Sikuwa nimepanga kulia, nikalia. Mwenyekiti naye akasema yake, kwa heshima, akiwa amekaa ukingoni mwa kiti. Aliomba radhi mara mbili. Kisha, masikini, hakuweza kujizuia. Akatoa ile fomu kwenye bahasha, akaikunjua, akamwuliza kwa upole kama anaikumbuka ile simu, kama ni yeye aliyemjibu.

Nilitaka kumkanyaga mguu. Yule mama aliitazama karatasi, akanyoosha mkono, akaishika upande mmoja huku mwenyekiti ameshika upande mwingine.

"Nilikujibu miye," akasema. "Papa, weye uliniuliza kama ofisi. Ulianza na tarehe za kuzaliwa. Mutu akianza na tarehe, miye najua ni ya makaratasi, na ya makaratasi nilishajifunza kujibu."

Mjukuu, aliyekuwa anakusanya vikombe, alisimama. Mimi nilikuwa najua habari ya karani na ya faili, lakini sikuwahi kufikiri zaidi ya hapo. Sikuwahi kuhesabu mahojiano. Miaka kumi na miwili kambini, kila baada ya miezi kadhaa mtu mpya mezani, faili lilelile, maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na neno moja likitofautiana familia nzima inarudi mwanzo wa foleni. Yule mama hakupandisha sauti.

"Kila mara baliniuliza kama kuko mutoto mwengine," akasema. "Kila mara nilisema hapana. Nilimukana mutoto wangu mupaka ulimi ukazoea. Na weye uliponiuliza, hata sikufikiri. Nilisema hapana. Nikakata simu, nikarudi kupika."

Mwenyekiti alikuwa ameachia upande wake wa karatasi bila kujua. Nilimtazama nikijua kwamba nimemdhania uongo kwa siku nne nzima, na alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Alimuuliza mwenyewe, na mwenyewe alimjibu. Kama angetaka kunitazama kwa macho ya ushindi, alikuwa na haki, lakini alikuwa anatazama soksi zake.

Yule mama akaikunja fomu mara nne, polepole, akamrudishia.

"Tia hii mu mufuko, Papa," akasema. "Uniulize tena."

Mwenyekiti aliiweka mfukoni. Alikohoa. Alinigeukia mimi kana kwamba ninayo sentensi iliyosahihishwa ya kumpa. Basi akamuuliza kama mtu anavyomuuliza jirani mlangoni, mikono mitupu, bila tarehe.

"Mama, uko na watoto bangapi?"

"Saba," akajibu, kisha akamtazama mjukuu wake aliyesimama na vikombe, akamfanyia ishara akae karibu, akaanza kuwataja kutoka kwa yule wa kwanza.